Pikapu ya Mama Furaha na Mteremko wa Kibati

Wadogo zangu wa garaji, mlinipigia simu mkiuliza kama pikapu ya kuvutia magari iongezewe nguvu, yaani injini kubwa zaidi na resori nzito za nyuma, zile springi za kubebea mzigo, kwa sababu kamioni zinazokwama siku hizi zimekuwa kubwa kuliko zamani. Niliwaambia nitaandika. Kwa simu ningejibu ndiyo au hapana, halafu mngefunga simu na kufanya mlichokwisha kuamua. Najua, kwa sababu mimi nilifanya hivyo hivyo.

Niliingia kwenye garaji yetu ya mtaa wa Mabanga nikitoka Butembo, na cheti cha ufundi mfukoni na viatu vipya miguuni. Mwenye garaji alikuwa Mama Furaha, aliyeirithi kwa marehemu mume wake na kuiendesha vizuri kuliko yeye, ingawa hakuna aliyethubutu kusema hivyo mbele ya shemeji zake. Cheti changu alikisoma mara moja akanirudishia. Kisha akanipeleka kwa mtu mmoja mrefu aliyekuwa amechuchumaa kando ya pikapu, akikunja kamba ya chuma. Huyo alikuwa Muzee Gaspard, mtu wa Rutshuru. Ndiye aliyekuwa anakwenda kuvuta kila gari lililokufa kati ya mji na barabara ya kaskazini.

Hakunisalimia kwa mkono. Alinipa ncha ya kamba.

“Pitisha mukono, toka hapa mpaka kule.”

Nilipitisha. Katikati ya kamba, uzi mmoja uliokatika uliingia kwenye kiganja changu.

“Sasa unajua kamba imezeeka wapi,” alisema. “Kesho utavaa ganti mukononi.”

Ndiyo siku yangu ya kwanza. Viatu navyo havikumaliza mwezi. Mawe ya volkano hayaheshimu kiatu cha mtu.

Kazi ya Muzee Gaspard ilianza kabla ya ndoano kufungwa. Akifika kwenye gari lililokufa, alizima injini yetu na kulizunguka lile gari kwa miguu. Aliweka mawe chini ya magurudumu kwanza, hata pale ambapo barabara ilionekana imelala sawa. Alimwuliza dereva amebeba nini, akasikiliza jibu kwa heshima, kisha akainama kutazama resori mwenyewe. Alikuwa akisema kwamba dereva akiulizwa uzito ni kama mgonjwa akiulizwa juu ya pombe. Kamba ikishavutwa, alitupa koti kuukuu juu yake, ili ikikatika ianguke chini badala ya kuruka kwenye uso wa mtu. Watu waliosimama kutazama aliwafukuza. Wengine walidhani ana roho mbaya.

Tulikuwa na lugha ya honi, kwa sababu anayevuta hamsikii anayevutwa. Honi moja ilikuwa simama. Mbili, endelea. Honi ndefu isiyokatika ilikuwa na maana moja tu: mimi huku nimeshindwa, wewe jiokoe. Miaka sita ya kwanza sikuisikia hata siku moja, mpaka nikafikiri muzee aliiweka kwa ajili ya kunitisha.

Kazi moja ya miaka hiyo naikumbuka. Gari dogo lililobeba jeneza lilikufa juu ya Kibumba, na familia ikatuita tulivute mpaka mjini. Mama wa marehemu alikuwa amekaa ndani, pembeni ya jeneza. Njia nzima waliimba nyimbo za kanisa. Gari lilikuwa jepesi, tungeweza kufika mapema, lakini Muzee Gaspard hakutoka kwenye gia ya pili. Nilipomwuliza kama kuna shida ya injini, alisema, “Hakuna shida. Banaimba.” Alitaka wimbo uishe kabla ya kona.

Halafu zikaja zile kamioni kubwa. Zilipakiwa viazi, makabichi na mbao mpaka zikainama upande mmoja. Pikapu yetu ilikuwa imara kwa magari ya kawaida, lakini kwa hizo ilikwama. Siku moja tulifungwa kwenye kamioni ya mbao pale Rugari, magurudumu yetu yakazunguka bure yakitupa vumbi, na vijana waliokaa juu ya ukuta wakasema mbuzi anavuta ng’ombe. Tulifungua ndoano tukarudi mjini mikono mitupu. Muzee Gaspard aliendesha akiwa ametulia kabisa. Mimi niliona aibu iliyonikaa kwa wiki nzima.

Ndipo nilipokwenda kwa Mama Furaha na wazo langu. Kulikuwa na injini kubwa iliyotolewa kwenye gari lililogongwa, bado nzima. Tuiweke kwenye pikapu, nilisema, tuongeze majani ya resori nyuma, tubadilishe na chuma cha kuvutia, kile kinachofungwa badala ya kamba kwenye mteremko, kiwe kinene. Nilichora kwenye karatasi. Nilichora vizuri, naweza kusema hivyo bila kujisifu.

Mama Furaha alimwita Muzee Gaspard uani, akamwonyesha karatasi.

“Paluku anasema itavuta kamioni mpaka hapa. Weye unasemaje?”

Muzee alifuata mchoro kwa kidole. “Kuvuta itavuta,” alisema.

“Sasa?”

“Kamioni ikishavutwa iko inakuja nyuma yako, Mama. Kwa mulima utasema asante kwa injini. Kwa mteremuko, nani atasimamisha? Pikapu itabakia na uzito wake ule ule, na freni zake zile zile.”

“Muzee, tutashuka na gia ya kwanza,” nikasema. “Injini yenyewe itashikilia.”

“Itashikilia uzito gani?”

Nikasema tutaweka plaketi mpya za freni, zile pedi zinazobana gurudumu. Alinitazama kama mtu anayetazama tairi lenye uvimbe. Hakubishana tena. Mama Furaha aliniamini mimi, kwa sababu mimi nilikuwa na karatasi na Muzee alikuwa na wasiwasi tu.

Kazi ya freni alipewa Byamungu, fundi wetu wa freni, mtu mkimya wa Masisi aliyepanga spana zake kama vyombo vya misa. Alifunga plaketi mpya, akazipima, akaniambia, “Ni muzuri. Lakini ni plaketi za pikapu, si za kamioni.” Nilimshukuru, nikaisahau sentensi ya pili.

Miezi kadhaa nilikuwa sahihi. Hilo ndilo baya zaidi lililonipata kazini. Tulivuta kamioni kutoka Rugari, kutoka Kibumba, kutoka kwenye matope ya njia ya Sake. Wale vijana wa ukutani waliacha kucheka. Muzee Gaspard alinikabidhi ufunguo wa pikapu niwe dereva, na yeye akawa anakaa kwenye gari linalovutwa, kushika usukani wake, kwa sababu hapo ndipo panapotaka mkono wa mtu mzima. Kila mara kabla ya kushuka aliuliza uzito. Kila mara nilimjibu. Polepole nikaanza kumjibu kama yule mgonjwa anayeulizwa juu ya pombe.

Siku yenyewe ilikuwa mchana, jua kali. Kamioni ya viazi na makabichi ilikuwa imekufa juu ya Kibumba, na dereva wake alikuwa ameteremka mjini na pikipiki kutafuta kipuri. Mwenye mzigo alibaki nayo, mfanyabiashara mmoja aliyeitwa Mama Kavira. Alikuwa amekaa kwenye jiwe chini ya kivuli cha mzigo wake tangu jana yake.

Kwa wale ambao hawajagusa kamioni za aina hiyo: injini ikifa na hewa ya freni ikiisha, freni zinajifunga zenyewe. Ili ivutwe, ni lazima ulale chini uzilegeze kwa spana, gurudumu kwa gurudumu. Ukishamaliza, kamioni haina freni tena hata kidogo. Inasimama kwa freni za anayeivuta.

Muzee Gaspard aliizunguka, akainama, akatazama resori. Alirudi akifuta mikono.

“Nusu ishuke,” alisema.

Mama Kavira aliinuka kwenye jiwe. “Papa, nikishusha hapa, nani atanichungia? Makabichi imeshaanza kuoza. Kesho sitakuwa na kitu.”

“Mama, naelewa. Nusu ishuke, tutarudia ingine.”

Yule mama alinigeukia mimi, kwa sababu aliona ufunguo mkononi mwangu. Hakulia. Alisema tu, “Weye njo dereva?”

Nikasema ndiyo. Na nikasema, “Muzee, tutashuka polepole.”

Aliniangalia. Nilingoja aseme hapana. Kama angesema hapana ningetii, naapa. Alisema, “Basi ni weye dereva,” akapanda kwenye kamioni, akafunga mlango mara mbili kwa sababu ulikuwa haushiki vizuri. Mama Kavira akakaa kando yangu kwenye pikapu.

Kilomita za kwanza zilikwenda vizuri, na nilianza hata kuzungumza. Baada ya Kibumba barabara inaanza kushuka kweli kweli kuelekea Kibati. Hapo nilisikia injini inapiga kelele ya juu, ile ya kusukumwa. Nilikuwa kwenye gia ya kwanza na mwendo ulikuwa unaongezeka. Niligusa freni, ikashika, nikaachia. Niligusa tena. Mara ya nne au ya tano harufu ya kuungua iliingia ndani, na Mama Kavira akafunika pua kwa kitenge. Kisha kikanyagio kikawa laini, kikaenda mpaka chini kama nakanyaga mkate.

Upande wa kulia kulikuwa na mawe meusi ya volkano, shamba zima la mawe. Upande wa kushoto, nyumba. Mbele, pale Kanyaruchinya panapoanza, niliona hema za waliokimbia vita na, karibu na tangi la maji, mstari wa wanawake na watoto wenye bidoni za njano. Mstari ulikuwa umeingia barabarani, kama siku zote. Niliegemea honi. Wachache waligeuka. Barabara ile imejaa honi, nani anaweza kuzisikiliza zote?

Ndipo nikasikia nyuma yangu honi ndefu ya kamioni. Haikukatika.

Kwenye kioo nilimwona Muzee Gaspard akizungusha usukani kwa mikono yote miwili kwenda kulia. Kile chuma kinene nilichokichora mimi kilipinda, pini yake ikakatika kwa mlio kama wa bunduki, na pikapu ikarushwa pembeni, ikazunguka, ikasimama kuvuka barabara. Kamioni iliingia kwenye mawe. Sikuiona ikigonga. Nilisikia. Halafu makabichi yakaanza kushuka barabarani, yakipita kando ya mlango wangu taratibu, yakafika mpaka miguuni kwa wale wanawake. Walikuwa mbali nasi hatua kama ishirini.

Mama Kavira alikuwa mzima. Mimi nilikuwa mzima. Muzee alikuwa amebanwa na kabini iliyoingia ndani, macho wazi, mguu wa kulia hauonekani.

Watu wa kambi walikuja kabla sijaita. Walikuja na mitarimbo na kamba, wengine mikono mitupu. Nilitoa kriki yetu, jeki ya kuinulia gari, lakini sikuweza kuipiga. Mwanamke mmoja, mtoto mgongoni, alinipokonya chuma cha kriki. “Papa, weye weka jiwe chini. Mimi napiga.” Alipiga, nikaweka mawe, na wanaume wakavuta ule mlango. Magunia yaliyokuwa yanalalia kabini yalishushwa na kupangwa kando, na hakuna kabichi hata moja lililoguswa mpaka Muzee Gaspard alipotolewa na kupakiwa kwenye gari la kwenda hospitali. Baada ya hapo, nani alichukua kabichi na nani hakuchukua, sikutazama. Na Mama Kavira hakutazama.

Mguu ulikatwa juu ya goti.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo wengi wenu hamlijui, kwa sababu waliokuwapo wamekuwa na adabu ya kutolisema. Kesho yake garajini mtu alisema, “Freni ilikatika.” Si mimi niliyesema. Mimi niliitikia kwa kichwa. Ilitosha.

Freni ikikatika, anaulizwa aliyeifunga. Mama Furaha alimwambia Byamungu aache spana zake akae nyumbani mpaka mambo yaeleweke. Byamungu hakupiga kelele. Alikwenda kwenye pikapu, akafungua magurudumu yote manne, akatoa plaketi na kuzipanga chini kwenye gunia mbele ya kila mtu. Zilikuwa zimeungua mpaka chuma.

“Nilizifunga mupya,” alisema. “Hazikukatika. Ziliungua. Muulize zilikuwa zinasimamisha nini.”

Alisema hayo akinitazama mimi. Nilikuwa nimesimama hapo, nimeshika kitambaa cha grisi. Sikufungua mdomo. Aliondoka akiacha spana zake zimepangwa.

Siku nne nilikaa hivyo. Mke wangu aliniuliza mbona sili, nikasema namwonea Muzee huruma. Ilikuwa kweli, na ndiyo maana uongo ule ulikuwa mzuri.

Siku ya tano nilikwenda hospitali. Muzee Gaspard alikuwa amelala, shuka limelala tambarare pale mguu ulipokuwa. Nilimweleza habari za Byamungu. Nilimweleza kama vile ni habari iliyompata mtu mwingine, bila mimi ndani.

Aliuliza, “Freni ilikatika?”

“Hapana, Muzee.”

“Mama Furaha anajua?”

“Hapana.”

Alifumba macho. Nilifikiri amelala. Kisha akasema, “Basi uko unafanya nini huku?”

Nilitoka hospitali nikaenda moja kwa moja garajini. Sikuomba kuingia ofisini, nilisema pale uani, kwa sababu pale ndipo Byamungu aliposimama. Nilisema Muzee alitaka nusu ishushwe na mimi nilikataa. Nilisema freni zilikuwa nzima na uzito ndio ulikuwa mbaya, na uzito niliuchagua mimi.

Mama Furaha alisikiliza mpaka mwisho. “Juu ya nini haukusema siku ya kwanza?”

“Niliogopa.”

“Byamungu naye hakuogopa?”

Alinyoosha mkono, nikampa ufunguo wa pikapu. Yeye mwenyewe, na umri wake ule, alikwenda kwa miguu mpaka nyumbani kwa Byamungu kumwomba arudi. Mimi nilirudishwa chini, kwenye shimo la kubadilishia oli, na nilikaa humo miaka miwili. Siku Byamungu aliporudi nilimwomba msamaha. Alinisalimia asubuhi, kwa sababu ni mtu mwenye adabu, na hakusema neno jingine. Hata spana aliniwekea chini, nijiokotee.

Siku moja ya mvua nilikuwa nalegeza bolti iliyokwama, akashuka shimoni, akashika upande wa pili wa spana bila kuitwa. Bolti ikatoka. “Ilikuwa na kutu,” alisema. Kuanzia hapo tuliongea.

Ile injini kubwa ilitolewa, na pikapu ikarudi kuvuta magari madogo tu, kama mnavyoiona mpaka leo. Miaka ilipita kabla Mama Furaha hajapata gari la kuvutia lililotengenezwa kwa kazi hiyo, zito lenyewe, na freni zake zikiungana na za gari linalovutwa. Muzee Gaspard, kwa magongo yake, aliwekwa kwenye kiti karibu na geti, na hakuna gari lililotoka kwenda kuvuta bila yeye kusema liende. Madereva walimchukia. Nami nilipopewa ufunguo tena, nilipita mbele yake kila siku, na mara nyingi alinirudisha.

Kwa hiyo, wadogo zangu, jibu langu ni hili. Mkitaka kuongeza, anzeni na freni. Mkimaliza freni, ongezeni uzito wa gari lenyewe, na kisha chuma cha kuvutia na pini yake. Injini iwe ya mwisho, na mkiona mnatamani iwe ya kwanza, acheni gari kama lilivyo na mkubali kukataa kazi. Tena anayesema “hapana” asiwe ndiye anayeshika usukani. Mwenye ufunguo mkononi hasikii vizuri.

Muzee Gaspard alifariki mwaka huu, miezi michache kabla sijastaafu. Juma moja kabla ya hapo nilimtembelea nyumbani kwake. Binti yake alinipa kiti karibu na kitanda akatuacha. Tuliongea habari za barabara, kituo gani kimefunguliwa, kipi kimefungwa. Kisha nikasema nilichokuwa nimekibeba.

“Muzee, sikukuombaka pardo hata siku moja.”

“Uliomba kwa Byamungu.”

“Kwako sikuomba.”

Alivuta pumzi mara kadhaa. “Niliona ule uzito,” alisema. “Niliona, na nikapanda. Kama ningekataa kupanda, haungeondoka. Nilisema moyoni, acha Paluku ajifunze. Batu walikuwa kule chini na mimi nataka kufundisha.” Kisha akasema, “Ule muguu tuliukata sisi wawili. Usiubebe yote peke yako.”

Aliniomba nimgeuze upande, atazame mlangoni, kwa kuwa mgongo ulikuwa unamwuma. Nilipitisha mikono chini ya mabega yake nikajiandaa, kama ninavyojiandaa kwa kitu kizito. Maisha yangu yote nimekuwa nakadiria uzito kwa macho, na mara nyingi napatia. Nilimwinua, na nusura nimrushe. Hakuwa na uzito wowote.